Sefti, Ridyusa na Jiwe la Mizani

Siku ya kuniaga karakanani, pilau ikiwa imeshapakuliwa na kila mtu ana sahani yake mapajani, Jofrey wa mashine ya kukereza vyuma aliniuliza swali. Jofrey ana tabia ya kuuliza mambo mazito wakati mtu ana nyama mdomoni.

"Maza, unatuacha hivi hivi? Tuambie kabla hujasepa. Mteja akija anataka valvu moja tu, hataki maneno mengi, sie tumfungie sefti au ridyusa?"

Nikatafuna, nikameza, nikamjibu: "Mwulizeni kwanza nani anasimama karibu na hiyo mashine."

Wakacheka wote. Walidhani ni mzaha wa mtu anayestaafu, na kwa kuwa soda zilikuwa zinapata moto, nikaacha yapite. Sasa niko nyumbani Goba, nina kibaraza, nina kiti, na sina foleni ya kuwahi asubuhi. Haukuwa mzaha, Jofrey. Jibu lako ni refu kidogo, na linaanzia Temeke, nilipokuwa mdogo kuliko wewe ulivyo leo.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mishahara mnaijua wenyewe.

Kwa atakayeazima karatasi hizi na si fundi, niseme kwanza vitu hivi ni nini. Kwenye kiwanda chenye boila, yaani tangi la kuchemshia maji, mvuke hutoka ukiwa na presha kubwa, na mashine nyingi haziwezi kuibeba presha hiyo. Ridyusa ni valvu ya kupunguza presha: mvuke mkali unaingia upande huu, mvuke mpole unatoka upande ule, kutwa nzima bila kupumzika. Sefti ni valvu ya usalama. Yenyewe hukaa imefungwa tu, utadhani pambo, mpaka presha ipite kiwango. Hapo hufunguka na kuumwaga mvuke nje kwa kishindo cha kumwamsha mgonjwa. Moja ni mfanyakazi na nyingine ni mlinzi. Watu huzichanganya kwa sababu zote mbili ni chuma kizito, zote zina springi au uzito, na zote zinahusu presha.

Nilianza kazi katika kiwanda cha sosi ya nyanya na jemu, upande wa Temeke. Hakipo tena, sasa hivi pale wanauza vigae. Mama yangu mzazi alitangulia kuajiriwa pale tulipohamia kutoka Masasi. Alikuwa mpishi kwenye chumba cha masufuria. Yale hayakuwa masufuria ya nyumbani: yalikuwa na kuta mbili, mvuke unapita kati ya ukuta na ukuta, na nyanya zinachemka ndani bila kuona moto. Mama alikoroga kwa mwiko mrefu kuliko mimi. Jioni alikuwa akirudi nyumbani ananukia vitunguu na mdalasini, na sisi watoto tulidhani hiyo ndiyo harufu ya akina mama wote.

Nilipomaliza chuo cha ufundi wa mabomba nilipelekwa chumba cha boila, chini ya Mzee Nassoro. Kwao walikuwa Waarabu wa dukani, wenye nafaka na vitambaa hapo hapo Temeke tangu enzi za babu yao. Ndugu zake wote walikaa nyuma ya kaunta. Yeye alisema kaunta inamtia usingizi, akaenda kujifunza boila. Alivaa kofia hata kwenye joto la mle ndani, na Ijumaa kanzu yake ilining'inia kwenye msumari, safi, mbali na masizi.

"Shikamoo," nilimwambia asubuhi ya kwanza.

"Marahaba. Umekuja kufanya kazi, binti, au umekuja kumsindikiza mama yako?"

"Kufanya kazi."

"Basi vua bangili."

Hiyo ndiyo iliyokuwa hotuba yake ya kunikaribisha. Wiki ile nzima hakunipa spana hata moja. Alinipa bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, akanionyesha namna ya kuweka ncha yake juu ya valvu na mpini kwenye sikio. Nilijiona mjinga, nimeinama kama mtu anayedukua maneno ya wapangaji wenzake. Lakini baada ya muda nikaanza kusikia. Ridyusa nzima, mashine zote zikifungwa, hunyamaza kabisa. Ridyusa iliyoumwa na uchafu haifungi sawasawa, na ukiisikiliza inapiga mluzi mwembamba sana. Ule mluzi ni mvuke unaopenya wakati haupaswi kupenya.

"Huo ukiusikia," Mzee Nassoro aliniambia, "ujue mfanyakazi wetu anaumwa. Mashine zikiwa zinatumia mvuke huwezi kujua, maana kinachopenya kinaliwa. Zikifungwa tu, presha inapanda polepole, na hakuna wa kuila."

"Na ikipanda?"

Akanionyesha sefti iliyokuwa ukutani, juu ya masufuria, kidogo tu upande wa kulia wa mahali aliposimama mama yangu. Ilikuwa sefti ya zamani, ya mkono na uzito. Mkono wa chuma ulilala juu ya valvu, na mwisho wa mkono kumening'inizwa kipande cha chuma. Uzito ule ndio ulioizuia isifunguke ovyo. Presha ikizidi, mvuke unausukuma mkono juu, uzito unanyanyuka, na mvuke unatoka kwa bomba lililotoboa ukuta na kuchungulia nje. Upande wa pili wa ukuta ulikuwa uwanja wa nyumba ya Mzee Kondo, jirani wa kiwanda.

Kila Jumatatu asubuhi, kabla wapishi hawajaanza, Mzee Nassoro aliunyanyua ule mkono kwa kamba ili kuhakikisha haujashika kutu. Ikifoka, watoto wa mtaa walikuwa wanaziba masikio na kupiga kelele za furaha. Mzee Kondo alikuwa rafiki yake. Alfajiri walikutana msikitini, na wakirudi walitembea pamoja hadi kwenye geti letu, wakibishana habari za mpira. Walishabikia timu mbili tofauti, kwa hiyo walikuwa na cha kuzungumza maisha yao yote.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Msimu wa nyanya ulikuwa umefurika. Malori yalipanga mstari nje, na nyanya hazisubiri mtu. Wiki ile nilikuwa nimeweka sikio kwenye ridyusa ya masufuria nikasikia mluzi. Nilimwambia Mzee Nassoro, naye akasikiliza, akatikisa kichwa. Vipuri vilikuwa vimeagizwa. Tulikubaliana tutaifungua siku ya Jumapili, kiwanda kikipumzika, na mpaka hapo sefti itatulinda. Na kweli ilitulinda. Kila wapishi walipofunga koki, baada ya muda kidogo ilifoka, tukasogeza mambo, tukaendelea. Ulikuwa usumbufu wa kelele, basi.

Katikati ya wiki, alfajiri, Mzee Kondo akafariki.

Tulipoingia kazini turubai lilikuwa limeshafungwa uwanjani kwake, na vilio vilikuwa vinatufikia kupitia ukuta. Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri siku hiyo hiyo. Mzee Nassoro alikuja amevaa kanzu, na haikuwa Ijumaa. Macho yake yalikuwa mekundu. Asubuhi ile sefti ilifoka mara moja, na nje nikasikia watu wakishtuka, mtoto akilia, na sauti ya mzee ikisema, "Hata leo jamani?"

Mzee Nassoro aliisikia pia. Akatoka. Aliporudi alipita chumba cha masufuria, nami nilikuwa nyuma kwenye boila. Sikujua amefanya nini huko.

Karibu na adhuhuri aliniita nisimame chini ya geji ya masufuria, ile saa ya kuonyesha presha.

"Binti, mie nitakuwepo hapa mpaka jeneza litoke. Lakini wakiniita, itabidi niende. Usiondoe macho kwenye geji. Mshale ukigusa wino mwekundu, funga mvuke kwenye ile koki kubwa. Umesikia?"

"Nimesikia, Mzee."

Alisimama pale kweli, mkono wake juu ya gurudumu la koki kubwa, midomo ikicheza taratibu kwa dua. Ndipo kijana wa kiume wa marehemu akachungulia mlangoni akasema, "Baba Nassoro, wanasubiri. Umetakiwa uwe mbele." Kubeba jeneza la rafiki yako, mbele, ni jambo ambalo mtu halikatai. Alinitazama mimi, akatazama juu ukutani, akatazama tena mlangoni. Nadhani alitaka kuniambia kitu akaona aibu. Akaenda.

Kule nje kalima zikaanza, wanaume wengi kwa pamoja. Wapishi wote wakaacha kazi. Mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wao, akasema kwa sauti ya chini, "Fungeni. Maiti anapita na watu wanapika, ndiyo nini?" Wakafunga koki za masufuria yao mmoja mmoja, wakafunga na khanga vichwani vizuri, wakasimama. Mama peke yake hakufunga lake. Sosi yake ilikuwa haijaiva, na ukiizima pale inashika chini. Akapunguza tu kidogo, akaendelea kukoroga taratibu huku ameinamisha kichwa.

Nyie mlionisikiliza miaka yote hii mmeshaelewa. Ridyusa inapenya, masufuria yote yamefungwa isipokuwa la Mama, na presha yote inayopanda ina mahali pamoja tu pa kwenda.

Mshale ukagusa wino mwekundu. Nikatazama sefti, nikisubiri ifoke. Nilikuwa hata nimeshakunja uso kwa aibu ya kelele itakayotoka. Haikufoka. Mshale ukapita wino mwekundu, nayo kimya. Sijawahi kuuchukia ukimya kama nilivyouchukia ule.

Nikakimbilia koki kubwa nikaizungusha kama nilivyoambiwa. Ilizunguka kidogo, ikakwama. Nikaning'inia kwenye gurudumu lake kwa uzito wangu wote, ambao siku zile haukuwa mwingi. Wapi. Nikanyanyua macho tena juu kwenye sefti, na safari hii nikaona. Kwenye mkono wake kulikuwa na vitu viwili. Kile kipande cha chuma cha siku zote, na pembeni yake, kwa kamba ya katani, jiwe la mizani. Jiwe la dukani, la kupimia mchele.

Nilielewa mara moja ni la nani na limewekwa kwa nini. Hakutaka rafiki yake atolewe nyumbani kwa kishindo.

"Mama, toka hapo!"

"Kelele! Watu wana maiti."

"Mama, toka, sufuria litapasuka!"

"Nikitoka sosi itashika," akasema, na akaendelea kukoroga. Mama yangu ndivyo alivyo. Ukimwambia nyumba inaungua atauliza kama maharage yameepuliwa.

Mkinisoma mtasema ningefunga koki ya sufuria lake. Koki hiyo ilikuwa upande wa ukutani, nyuma ya tumbo la sufuria lenyewe, na ili kuifikia ilibidi nilikumbatie. Sikuwa na hamu hiyo. Mbele yangu kulikuwa na mama, na mkononi mwa mama kulikuwa na mwiko. Nikaunyakua, sosi ikaturukia wote wawili, nikaunyoosha juu na kuisukuma ile kamba ya katani mpaka jiwe likateleza kutoka kwenye mkono, likaanguka sakafuni na kuvunja kigae.

Sefti ikafunguka.

Nimezisikia nyingi tangu hapo, lakini ile ilifoka kama ilikuwa imekaa na kinyongo. Chumba kilitetemeka. Nje, kalima zilikatika katikati. Wingu la mvuke lilipita juu ya turubai, juu ya vichwa vya watu, na kwa sababu bomba lilikuwa juu halikumuunguza yeyote. Baadaye niliambiwa jeneza liliyumba upande mmoja, na wa mbele kulia alilishika kwa mikono miwili hadi likatulia. Wa mbele kulia alikuwa Mzee Nassoro.

Mshale ukaanza kushuka. Nikakaa chini kwenye sosi. Mama alitazama jiwe, akanitazama mimi, akatazama sufuria. Kisha akakaa karibu yangu pale pale sakafuni, akanifuta uso kwa ncha ya khanga yake.

"Imeshika," akasema, akimaanisha sosi. Tukacheka, halafu tukalia.

Mzee Nassoro alirudi kutoka makaburini kanzu yake ikiwa na udongo magotini. Wakati huo boila ilikuwa imeshazimwa na wapishi wamekaa nje. Hakuuliza kilichotokea. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa mama yangu.

"Mama Stazia, nimekukosea. Ningekuua."

Mama alikuwa na maneno yake ameyaandaa tangu mchana, nilimsikia akiyafanyia mazoezi. Alipomwona amesimama hivyo yakamwisha. "Nenda kapumzike, Mzee Nassoro," akasema. "Umefiwa."

Hakwenda kupumzika. Aliniomba nifuatane naye kwa wafiwa, maana kishindo kile mtaa mzima ulikuwa unakizungumza, na wengine walikuwa wanalitaja jina langu, yule binti wa kiwandani asiye na adabu. Alisema hawezi kulala nikiwa nabeba lawama isiyo yangu. Mjane, Bi Mwanahawa, alikuwa ameshakaa eda, kwa hiyo Mzee Nassoro alikaa kizingitini pamoja na shemeji za marehemu, nami nikaingia ndani kukaa mkekani na wanawake. Pazia lilikuwa katikati yetu. Alizungumza kutoka kule, kila mtu akisikia.

"Bi Mwanahawa, kelele ya leo binti huyu hana kosa. Mie niliifunga ile sefti isifoke, kwa heshima ya mwenzangu. Yeye aliifungua, kwa sababu ndani kulikuwa na watu. Amefanya nilichomfundisha. Mie ndiye sikufanya."

Bi Mwanahawa alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, sauti imemkauka kwa kulia.

"Nassoro," akasema, "unajua Jumatatu mwenzio alikuwaga anasemaje? Likifoka tu hilo dude lenu, ananambia, 'Haya, Nassoro kaingia kazini.' Kila Jumatatu. Leo nilipolisikia sikuchukia. Nilisema moyoni, Nassoro kamuaga."

Upande wa pili wa pazia nilimsikia Mzee Nassoro akilia. Sikuwahi kumsikia kabla, wala sikumsikia tena.

Bi Mwanahawa akamwacha alie, kisha akaongeza: "Lakini usilifunge tena. Mtaa huu msiba mmoja unatutosha."

Nilimpenda Mzee Nassoro zaidi baada ya siku ile. Nilikuwa ninamwogopa kama mtu asiyekosea, na kumwogopa mtu wa namna hiyo kunachosha.

Meneja wetu, mtu mwema, alikuja na wazo lake siku ya pili. Kwa kuwa sefti ndiyo iliyoleta aibu kwa majirani, na kwa kuwa ridyusa hupunguza presha bila kelele, kwa nini tusinunue ridyusa mpya, nzuri, na kuitoa sefti kabisa? Ndilo swali lako, Jofrey, kwa maneno mengine. Mzee Nassoro alimjibu bila kupandisha sauti. Ridyusa mpya nayo itazeeka, alisema, na ikizeeka haitamwambia mtu. Meneja alifikiri, akakubali. Tulifunga ridyusa mpya, mbele yake tukaweka chujio la kukamata uchafu usifike ndani. Koki kubwa tukaipaka grisi na kuizungusha kila wiki, iwe ina kazi au haina. Sefti ya mkono tuliitoa, tukaweka ya springi, yenye kofia iliyopigwa lakiri, ambayo huwezi kuitundikia kitu hata ukiwa na uchungu kiasi gani. Na bomba lake tukalipandisha juu ya paa, kelele ziende mawinguni. Jiwe la mizani alilirudisha dukani kwao. Kaka yake alilalamika kwamba lina kona iliyomeguka.

Kiwanda kilipofungwa nikahamia karakana yetu, na hapo ndipo miaka yangu mingi ilipokwenda, kufungua valvu za watu, kuzisafisha, kusaga viti vyake, pale valvu inapojifungia, mpaka vikae sawa, kuzipima na kuzirudisha. Nimewasimulia kesi nyingi. Nitarudia mbili tu, kwa sababu zinajibu swali.

Ya kwanza ni ya dobi wa Kimara, mwenye mashine za kupigia pasi kwa mvuke. Hakutaka ridyusa. Alikuwa na sefti, akailegeza ifunguke mapema ili presha isizidi ile aliyoitaka. Kwa hiyo ilifoka asubuhi, ikafoka mchana, ikafoka jioni, na mvuke wake ulikuwa unapasha joto anga la Kimara bure. Majirani walimzoea. Tulipoifungua, kiti chake kilikuwa kimeliwa na mvuke mpaka kimekuwa na mifereji. Haikuweza tena kufunga, na hata kufunguka ilikuwa inasuasua. Mlinzi alifanyishwa kazi ya shamba, akaumia mgongo. Tulimwekea zote mbili, na mara ya kwanza mashine zilipowashwa bila kelele alituita turudi, akidhani zimeharibika.

Ya pili ni ya Kigamboni, na nilikwenda peke yangu. Nilivuka kwa kivuko nikiwa na valvu kwenye kikapu, na mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliitazama njia nzima, mwishoni akaniuliza kama ni ya kusagia kahawa. Mteja wangu alikuwa msindikaji wa maziwa, kijana mchangamfu, mwenye boila ndogo na pipa la kuta mbili. Aliagiza ridyusa tu. Nilimwambia inafaa sefti iwepo baada yake.

"Mama, we nifungie ridyusa tu. Fundi mwenzio kaniambia inatosha, presha inakuwa ndogo muda wote."

"Ni kweli. Inakuwa ndogo muda wote isipokuwa siku moja."

"Siku gani?"

"Hiyo hatujui. Hapa kwenye pipa anasimama nani?"

"Mke wangu," akasema. "Na wadogo zake." Akatazama pipa, akatazama ndani ya nyumba ambako mkewe alikuwa anaimba. Nami nikajifanya natafuta spana kwenye kikapu.

"Hiyo sefti," akasema baadaye, "mnayo?"

Ilikuwa kwenye kikapu. Ndiyo ile aliyodhani yule mama ni ya kahawa.

Kwa hiyo, Jofrey, mteja akija akisema anataka moja, usianze kumfundisha presha. Mwulize nani anasimama pale. Akijibu hakuna mtu, nenda ukaangalie mwenyewe, kwa sababu mtu huwa yupo. Akijibu kwa jina, atachagua vizuri bila kusukumwa. Ridyusa ataihitaji kwa ajili ya kazi yake, na sefti kwa ajili ya huyo aliyemtaja. Bisibisi yenye mpini wa mbao nimekuachia kwenye droo ya juu. Mzee Nassoro alinipa mwaka aliostaafu, bila hotuba, kama kawaida yake. Usiitumie kufungulia skrubu.

Mama yangu ninaye hapa Goba. Miguu imechoka, masikio yamepungua, lakini jikoni kwangu bado yeye ndiye kiongozi wa wapishi. Mwaka huu wajukuu wamemletea lile sufuria la kisasa la presha, lenye kidude juu ya kifuniko kinachofoka maharage yakichemka. Nilidhani litamtisha. Jana nilikuwa nimekaa hapa kibarazani naandika mistari hii, na kidude kikaanza kufoka kwa fujo, nikainuka niende kupunguza moto. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na jiko, anachambua mchele, wala hakugeuka.

"Kaa uandike, Stazia," akasema. "Kiache kifoke. Kikinyamaza ndiyo uje unitoe."